Ubao wa Madumu na Makumbi Ukiharibika: Soma Dalili Kabla ya Kugusa Mashine

Ubao ukitoka na kasoro, mkono wa kwanza huenda kwenye swichi ya joto. Mmoja anaongeza, mwengine anapunguza, na siku nzima inakwisha kwa kubahatisha. Mimi nafanya kazi hii Pemba, karibu na Chake Chake. Tunachukua madumu ya mafuta ya kupikia yaliyokwisha kazi na vifuniko vya chupa, tunavisaga na kuvichanganya na taka za mashamba yetu: makumbi ya nazi, mapumba ya mpunga, makonyo ya karafuu. Tunatoa mbao za mabenchi na nguzo fupi za uzio. Nilichokiona ni kwamba kasoro nyingi huwa zimeshaingia kabla mashine haijawashwa. Zimekuja na gunia la makumbi, au na chombo ambacho hakuna aliyeuliza kimetengenezwa kwa plastiki gani. Kwa hivyo hapa naanzia kwenye ubao uliokatwa na kurudi nyuma hadi guniani.

Mchanganyiko ninaouzungumzia ni sehemu 70 za plastiki na 30 za makapi, yaani hizo taka za mashamba zilizosagwa, kwa uzito. Plastiki ya madumu ni namba 2, ile namba iliyomo ndani ya pembetatu ya mishale chini ya chombo. Huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi za Selsiasi. Namba 5, inayotengenezewa ndoo nyingi na viti, huyeyuka kwenye 160 na kitu. Mmea nao huanza kuungua ukikaribia nyuzi 200. Nafasi ya kufanyia kazi ni nyembamba, na hilo likumbukwe katika kila dalili itakayofuata. Mimi hukaa baina ya 160 na 180 kwa namba 2, na kwa namba 5 sipandi zaidi ya 190.

Kabla ya yote, kata ubao katikati kwa msumeno wa meno madogo, lowesha uso uliokatwa kwa kitambaa, kisha uutazame juani. Ngozi ya nje ya ubao huwa laini hata pale ambapo ndani kumeoza.

Matundu ndani ya ubao

Hii ndiyo kasoro inayokuja kuliko zote, na ndiyo inayosomwa vibaya kuliko zote. Usiseme tu "ina matundu". Tazama ukubwa wake, yamekaa wapi, na yananuka nini.

Matundu madogo mengi yaliyotapakaa kote, ubao ukawa kama mkate wa kumimina, ni maji. Mara nyingi utakuwa umeshayasikia: mchanganyiko ukitoka kwenye mdomo wa mashine hulia ta-ta-ta na kutoa mvuke mweupe. Piga hesabu uone ukubwa wa jambo. Kilo 100 za mchanganyiko zina kilo 30 za makapi. Makapi hayo yakiwa na maji sehemu 10 katika 100, umeingiza lita 3 za maji ndani ya silinda ya moto, ile ambamo skrubu kubwa ya mashine husukuma mchanganyiko kwenda mdomoni. Maji yakigeuka mvuke hutanuka kama mara 1,700. Lita 3 zinakuwa lita 5,000 za mvuke, yaani matangi matano ya lita elfu moja, na mvuke huo hauna njia ila kupita ndani ya plastiki yako.

Watu hunijibu kwamba makumbi yao yamekaa juani siku tatu. Nawaamini. Lakini usumba, yaani nyuzi za makumbi, hujilinganisha na hewa inayouzunguka, na hewa ya visiwani ina unyevu mwaka mzima. Usumba unaouhisi mkavu mkononi, hata kwenye jua kali la Kaskazi, bado una maji kama sehemu 10 katika 100. Wakati wa Masika hupita hapo. Mkono hauwezi kupima tofauti hiyo, mizani inaweza. Pima gramu 100 za makapi, yatandaze kwenye trei, yatie kwenye oveni ya nyuzi 105, kisha uwe unayapima kila baada ya saa moja mpaka uzito usibadilike tena. Yakibaki gramu 90, maji yalikuwa gramu 10. Mimi sianzi kazi mpaka kipimo kitoe gramu 98 au zaidi.

Kwa kukausha kwa wingi tumejenga kabati la mabati lenye trei za wavu. Joto linatoka kwenye jiko la vifuu lililo nje ya kabati, likapita kwenye bomba, na moshi haugusi makapi. Usikaushe usumba juu ya moto wa wazi: vumbi lake hushika moto upesi mno. Yakishakauka, yatie yangali ya moto kwenye pipa lenye kifuniko kinachobana, na yatumie siku hiyohiyo. Ukiyaacha wazi usiku kucha yatakunywa tena unyevu ulioutoa kwa kuni na jasho.

Ikiwa matundu yana harufu nzito ya karafuu, basi si maji peke yake. Makonyo yana mafuta kiasi cha sehemu 5 hadi 7 katika 100, na ndiyo sababu kiwanda cha Wawi huyakamua kwa mvuke. Ukiyasaga makonyo yakiwa na mafuta yake ukayatia mashineni, mafuta hayo hugeuka hewa, huvimbisha ubao, na yanayobakia huulainisha. Tumia makonyo yaliyokwisha kukamuliwa. Hayo nayo hutoka kiwandani yamelowa chepechepe, kwa hivyo yapitishe kwenye kabati kama makapi mengine. Na makonyo yenye mafuta yana mnunuzi wake. Kuyafukia ndani ya plastiki ni kumpunja mkulima.

Tundu moja kubwa, au mawili, katikati kabisa ya ubao mnene, na pembeni kote kumeshikana vizuri: hapo makapi hayana kosa. Namba 2 hupungua sana inapopoa. Ngozi ya nje hutangulia kuganda, na kiini kikija kupoa baadaye hujivuta kuelekea nje na kuacha pango. Shindilia kalibu ijae barabara, endelea kuikandamiza wakati inapoa, na usiitumbukize kwenye maji baridi mara tu baada ya kujaza. Au punguza unene. Ubao wa sentimita 3 haunipi taabu hii. Nguzo ya sentimita 10 hunipa.

Rangi ya mkaa na harufu mbaya

Ubao wa makumbi ni wa kahawia kwa asili, kwa hivyo usiogope rangi hiyo. Ogopa michirizi myeusi na harufu ya nazi iliyoungulia chunguni. Joto limepita kiasi, au mchanganyiko umekaa ndani muda mrefu. Sababu ya pili ndiyo ya kwetu zaidi. Umeme wa Pemba unatoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari, tangu 2010. Unapokatika, kilichomo ndani ya silinda hukaa hapo kikiwa moto na kuungua polepole. Umeme ukikatika zima swichi za hita mara moja, ili utakaporudi silinda isipande joto huku skrubu imesimama. Ukianza tena, pasha taratibu, kisha sukuma plastiki tupu isiyo na makapi mpaka itoke safi. Kazi ya kila siku pia naimaliza kwa plastiki tupu. Makapi hayalali ndani ya mashine yangu.

Harufu ikiwa kali, ikachoma macho na koo, hiyo ni habari nyengine kabisa. Umeingiza namba 3, plastiki ya PVC: kipande cha bomba la maji, ganda la waya wa umeme. Ikipata joto hutoa gesi ya asidi ya hidrokloriki. Zima, fungua milango, watoe watu nje, na usirudi mpaka hewa isafike. Mashine nayo huliwa: utaona kutu kwenye chuma kilichokuwa kinang'aa jana.

Ukikuta vipande vyeupe vigumu kama punje za wali usioiva, ni namba 1, chupa za maji ya kunywa. Zinahitaji nyuzi 250 na zaidi kuyeyuka. Usizifuate huko, maana utayachoma makumbi yote kwa ajili ya vipande vitano. Zitoe mwanzoni.

Kuzitoa ni kazi ya ndoo ya maji. Namba 2, 4 (ile ya mifuko laini) na 5 huelea. Namba 1 na 3 huzama, na namba 6 nayo huzama ikiwa si ile ya sponji nyeupe yenye hewa ndani. Tumia maji ya kisima yenye tone la sabuni, koroga, subiri. Bila sabuni, vipande vyenye mafuta hushika mapovu ya hewa na kuelea kwa uongo. Kuna mtego mmoja: viti vingi vya plastiki ni namba 5 iliyochanganywa na unga wa chokaa, na vipande vyake vyaweza kuzama ingawa ni plastiki inayofaa. Mimi huviweka kando kabisa, kwa sababu viti vilivyotupwa karibu vyote vimeshachoka kwa jua.

Ubao unavunjika kama biskuti

Chukua vipande viwili vilivyovunjika uvitazame pale vilipoachana. Hapo ndipo jibu lilipo, na inafaa utumie kioo cha kukuzia ikiwa unacho.

Nyuzi za usumba zimechomoka zikiwa nzima na safi, na upande wa pili zimeacha vijitundu vilivyo wazi kama ala zilizotolewa visu. Maana yake plastiki haikuushika usumba. Mmea hupenda maji, plastiki hii hufanana na mafuta, na viwili hivyo hukaa pamoja bila kushikana. Ndiyo maana ukiongeza makapi bila kiunganishi ubao huwa mgumu zaidi kupinda, lakini huvunjika kwa pigo dogo zaidi. Wengi huona ule ugumu wakadhani wamepata nguvu. Dawa iliyozoeleka viwandani ni plastiki iliyopandikizwa anhidridi ya maleiki, kiasi cha sehemu 2 hadi 5 katika 100. Upande mmoja wa kemikali hiyo hujifunga kwenye mmea, na mwengine hujisokota na plastiki. Huuzwa kwa chenga, na iwe ya jamaa moja na plastiki yako: ya namba 2 kwa namba 2, ya namba 5 kwa namba 5.

Ikiwa huipati, kuna njia ya kostiki, ileile wanayotumia watengeneza sabuni. Gramu 50 ndani ya lita moja ya maji, usumba ukae humo saa moja. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji. Usimimine maji juu ya kostiki, itachemka na kukurukia. Vaa glavu na miwani. Inaondoa nta na uchafu juu ya uzi na kuufanya uso wake uwe wa kukwaruza, plastiki ipate pa kushika. Kisha suuza mpaka karatasi ya litmasi isibadilike rangi, na maji yale ya kostiki yazimue kwa siki kabla hujayamwaga. Yasiende kisimani wala pwani. Usizidishe kipimo ukidhani utapata zaidi, kwa kuwa kostiki kali hula uzi wenyewe.

Ukikosa vyote viwili, punguza makapi mpaka sehemu 20 na uongeze unene wa ubao. Ni njia halali, na benchi lililotengenezwa hivyo linakalika.

Nyuzi zimekatika sambamba na plastiki, hakuna iliyochomoka: mshikano ni mzuri na plastiki ndiyo dhaifu. Hapo uliza ilikotoka. Kamba za mwani, na zile taitai za kufungia miche, ni plastiki inayofaa kwa jina, ila zimeoka juani na kwenye chumvi msimu baada ya msimu. Kunja kipande baina ya vidole: kikitoa unga mweupe, au kikikatika kabla hakijakunjika, kisitumike kwa kitu cha kubeba uzito. Namba 5 hasa hudhoofika kila inapoyeyushwa, huwa nyepesi kama uji, kwa hivyo chakavu za ubao ulioharibika usizirudishe mara tatu mara nne.

Ubao unaachana tabaka kwa tabaka, mithili ya maganda ya kitunguu? Umechanganya namba 2 na namba 5. Zote huelea, kwa hivyo ndoo haikuzitenga, lakini hazichanganyiki hata zikiyeyuka. Vifuniko vya chupa ndivyo vinavyoponza hapa, maana vyengine ni namba 2 na vyengine namba 5. Soma namba, kimoja kimoja, ama watafute watoto wenye macho mazuri wakusomee.

Na ukiona mafundo ya usumba yaliyojikusanya kama mpira wa nywele, uzi ni mrefu mno. Ukate usizidi milimita 5, uchanganye ukiwa mkavu kabla ya kuingia mashineni.

Umevimba, umeota ukungu baada ya Masika

Ubao wa plastiki hauvimbi. Kilichovimba ni mmea uliomo ndani. Chunguza ncha zilizokatwa na matundu ya skrubu, kwani maji huingilia hapo kupitia makapi yaliyoachwa wazi. Kata kipande, kipime, kizamishe saa 24, kifute, kipime tena. Fanya hivyo kwa kila mchanganyiko mpya na uandike kwenye daftari. Ukiona kimeongezeka uzito kuliko vile vya mwezi uliopita, una mambo matatu ya kutafuta.

La kwanza ni vumbi la makumbi. Ndani ya kumbi kuna nyuzi na kuna lile vumbi la sponji linalozishika, ambalo hunywa maji mara kadhaa ya uzito wake. Wakulima wa bustani wanalipenda kwa sababu hiyo, na mimi nalikataa kwa sababu hiyohiyo. Lichekeche, uliweke kwa ajili ya vitalu vya miche.

La pili ni kuzidisha makapi. Ikipita nusu ya uzito, chembe za mmea hugusana zenyewe kwa zenyewe, na maji hupata barabara kutoka ncha hadi ncha.

La tatu nililijulia pwani. Nilikwenda kununua usumba kwa bibi mmoja anayesokota kamba, na mbao zangu za mwanzo zilikuwa zimeanza kutoa unyevu hata siku isiyo na mvua. Baada ya shikamoo na marahaba akaniuliza, "Mwanangu, huu usumba wangu ukifika kwako unaukosha?"

"Umetoka majini, bibi," nikamwambia.

"Umetoka maji ya chumvi. Kamba haina neno na chumvi. Hicho chako sijui."

Alikuwa na haki. Makumbi hufukiwa kwenye mchanga wa pwani miezi mingi mpaka yalainike, kisha hupigwa. Uzi unaotoka huko umejaa chumvi, na chumvi huvuta unyevu wa hewa, huozesha skrubu za benchi, na huzuia plastiki isishike. Tangu hapo usumba wa pwani tunaukosha kwa maji ya kisima mara tatu, na maji ya mwisho tunayaonja kwa ncha ya ulimi. Wenye kumbi kavu la shambani, lisilofukiwa, hawana haja ya kazi hii.

Ncha zilizokatwa zizibe kwa plastiki safi iliyoyeyushwa kwa chuma cha moto. Mguu wa benchi usikae juu ya udongo, weka jiwe.

Unapinda

Tofautisha aina mbili. Ubao uliopinda wakati unapoa, kabla haujakaliwa na mtu, ulipoa upande mmoja upesi kuliko mwengine. Ugeuze mara kwa mara, uukandamize baina ya vipande viwili vya chuma mpaka uwe baridi hadi kiini.

Ubao uliopinda baada ya miezi ya kukaliwa ni jambo jengine. Plastiki hii hulegea taratibu ikibeba mzigo wa kudumu, na joto la mchana huzidisha. Mbao ya mti hugomea kupinda mara 8 hadi 10 kuliko namba 2 tupu; makapi yakishikana vizuri yanaweza kuongeza ugumu wa plastiki hata maradufu, lakini bado hujaufikia mti. Kwa hiyo usichukue vipimo vya benchi la mti ukavihamisha. Kwa ubao wa sentimita 3 mimi naweka mhimili kila sentimita 40, na kwa benchi za skuli, wanakokaa watoto watano kwenye nafasi ya watatu, naweka kila 30.

Ubao pia hurefuka kwa joto. Wa mita 2 hurefuka milimita 4 hivi baina ya alfajiri na jua la saa saba. Ukiubana kwa skrubu kwenye matundu ya mviringo utajikunja au utapasuka pale penye skrubu. Matundu yawe marefu kama yai, na baina ya ubao na ubao acha upenyo.

Umepauka, unatoa unga mweupe

Jua. Plastiki iliyorejelewa imeshapoteza dawa nyingi za kuikinga na mionzi, na lignini, ile gundi ya asili inayoupa mmea ugumu, nayo hupauka. Sehemu 2 katika 100 za kaboni nyeusi, ile ya chenga za rangi, huzuia vizuri. Usitumie masizi ya jikoni: yana mafuta na hayachanganyiki sawasawa. Kama mteja hataki rangi nyeusi, mweleze mapema kwamba wa kahawia utageuka kijivu.

Mashine inatoa kidogo kuliko zamani

Ikiwa umehamia kwenye mapumba ya mpunga, tazama skrubu. Mapumba ni mazuri kwa mengi: hayanywi maji kama makumbi, na kwenye mashine za kukoboa watu huyachoma moto bure. Lakini yana silika nyingi. Ukiyachoma hubaki majivu karibu sehemu 20 katika 100, na majivu hayo karibu yote ni silika, jamaa ya mchanga. Huchubua chuma. Nafasi baina ya skrubu na silinda ikitanuka, mchanganyiko hurudi nyuma badala ya kwenda mbele, hukaa ndani muda mrefu, na ile michirizi myeusi huanza kutokea ingawa joto hujaligusa. Pima kipenyo cha skrubu kikiwa kipya, ukiandike ukutani kwa rangi, na upime tena kila baada ya miezi mitatu mahali palepale, karibu na mdomo, ambako hulika kwanza.